Ini Lililoumizwa na Dawa: Mafunzo Niliyopata Butembo na Beni

Katika miaka yangu ya kazi kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hakuna dawa niliyoombwa kama deksamethasoni. Kwetu ni deksa tu. Hata mtoto anayetumwa farmasi anaijua kwa jina hilo. Inaombwa kwa maumivu ya mgongo, kwa pumu, kwa mafua yasiyoisha, kwa binti anayetaka kunenepa kabla ya harusi. Na mtu akianza kuwa na macho ya manjano baada ya kumeza dawa fulani, ndugu zake hufika na ombi lile lile: "Mama Docta, mchomeni deksa, ini litulie."

Wanaomba kwa mapenzi, na ombi lao lina chanzo. Deksa, prednisoloni na dawa nyingine za jamii ya steroidi hupunguza uvimbe na kuituliza kinga ya mwili inapopita kiasi. Wamemwona mgonjwa wa pumu aliyeshindwa kusema akiongea baada ya sindano. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksa inapunguza vifo vya wagonjwa wa COVID-19 waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia, na sifa yake ikapanda zaidi. Lakini ini lililoumizwa na dawa lina mambo yake. Hapo steroidi husaidia wagonjwa wachache, haiwasaidii wengi, na kuna inaowaua. Kuwatambua wale wachache ndiyo kazi iliyonifunza mengi kuliko shule. Katika mifano ninayotoa nimebadilisha mambo ili mtu asitambulike.

1. Tiba ya kwanza ni kuacha dawa iliyoumiza

Hili linaonekana jepesi mno hata ndugu wa mgonjwa hawaamini kwamba ni tiba. Wamelipa usafiri, wamelipa fishi, wamelipa labo, halafu daktari anasema: acheni kumeza, tusubiri, tupime tena. Wanaondoka na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Ila ini ni kiungo kinachojijenga upya. Likiondolewa kinacholiumiza, mara nyingi linapona lenyewe. Transaminasi, yaani vimeng'enya vya ASAT na ALAT vinavyovuja kutoka kwenye chembe za ini zilizojeruhiwa, huanza kushuka. ALAT ikishuka kwa nusu au zaidi ndani ya siku 8 baada ya kuacha dawa, huo ni ushahidi mzuri kwamba dawa hiyo ndiyo iliyoumiza. Kipimo cha RUCAM, ambacho madaktari wamekitumia tangu mwaka 1993 kupima lawama ya dawa, kinatoa alama nyingi kwa kushuka huko.

Sasa angalia kinachotokea ukichoma deksa siku ile ile unayoacha dawa. Mgonjwa akipata nafuu, hujui nafuu imetoka wapi. Ndugu wataisifu sindano, na mgonjwa atarudi kijijini bila kujua kwamba kidonge fulani ni adui yake. Mwaka unaofuata atakimeza tena. Ini linaloumizwa mara ya pili na dawa ile ile huweza kuumia haraka na vibaya zaidi.

Kuna na hili: steroidi hushusha bilirubini, ile rangi inayofanya macho yawe manjano, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haujapungua. Madaktari wa ini wa Ulaya waliligundua jambo hilo katikati ya karne iliyopita. Macho yanakuwa meupe, familia inafurahi, na ini linaendelea kufa kimyakimya. Baadaye tafiti zililiweka swali mezani kwa uwazi. Mwaka 1976, huko Marekani, wagonjwa wenye hepatiti kali ya virusi walipewa methilprednisoloni au dawa bandia, na waliopewa steroidi hawakufa wachache, walikufa wengi zaidi. Mwaka 1979 utafiti wa Ulaya kuhusu haidrokotisoni kwa ini lililoshindwa ghafla haukuona faida. Mwaka 2014 Wamarekani waliangalia tena rekodi za wagonjwa ambao ini lao lilishindwa, wakiwemo walioumizwa na dawa. Kwa jumla steroidi haikuongeza idadi ya walionusurika. Ninapokataa kuandika deksa, ninakataa nikiwa na hayo kichwani, si kwa ubahili.

2. Mfuko wote umwagwe mezani

Ukimwuliza mgonjwa "Umemeza dawa gani?" atakutajia ile iliyoandikwa na daktari. Nyingine haziiti dawa. Ile ya kichwa aliyopewa na jirani, ile ya kuongeza hamu ya kula, ile ya mizizi aliyochemshiwa na bibi, ile ya kusafisha tumbo kwa kunyunyizwa nyuma, hizo kwake ni mambo ya nyumbani. Kwa hiyo siulizi tena hivyo. Ninamtuma mtu arudi nyumbani alete kila kitu: vidonge, chupa, karatasi, majani. Tunamwaga mezani, tunavisoma kimoja kimoja.

Mara nyingi mezani ninakuta parasetamoli chini ya majina matatu au manne. Moja ya homa, nyingine ya mafua, nyingine imechanganywa na dawa ya maumivu ya viungo. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, na aliyekonda au mwenye njaa anapaswa kubaki chini ya hapo, kwa sababu ini lake halina akiba ya kutosha ya glutathioni, kitu kinachoifuta sumu inayozaliwa parasetamoli inapovunjwa. Mtu aliyelala njaa msituni akikimbia washambuliaji, kisha akafika Beni na kumeza vidonge viwili kila baada ya saa mbili kwa ajili ya homa, yuko hatarini. Mnywaji wa pombe ya kasiksi wa kila siku naye yuko hatarini.

Kwa parasetamoli dawa ya kuokoa ipo, nayo si steroidi. Ni asetilisisteini. Inafanya kazi vizuri kabisa ikitolewa ndani ya saa 8, lakini hata ukichelewa inafaa kutolewa. Watu hawajui kwamba iko farmasi kwa jina la dawa ya kikohozi, sacheti za unga wa kulegeza makohozi. Kipimo cha kuanzia kwa mdomo ni miligramu 140 kwa kila kilo ya uzito, kisha 70 kwa kilo kila baada ya saa 4, mara 17. Kwa mtu wa kilo 50 kuanza tu ni gramu 7, yaani sacheti 35 za miligramu 200. Muuza dawa atakushangaa. Mwache ashangae, mradi akupe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asetilisisteini inawasaidia pia baadhi ya wagonjwa ambao ini lao limeshindwa kwa sababu nyingine, zikiwemo dawa, ikiwa bado hawajazama sana katika usingizi wa ini, yaani kupotewa na fahamu. Ningependa kila hospitali kuu ya zoni ya afya iwe na akiba yake, hata kabatini kwa daktari.

Jambo jingine la mfukoni: usiamini jina lililoandikwa. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, jirani zetu wa Ituri waliona zaidi ya watu 900 wakikakamaa shingo, uso na ulimi. Wengine walidhani ni homa ya uti wa mgongo, wengine uchawi. Ilikuja kugundulika kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani. Tangu nilipoisoma habari hiyo, ninakiangalia kidonge chenyewe, rangi yake, alama zake, na kopo kilimotoka. Depo inayouza vidonge vya rejareja kwenye karatasi ya daftari inaninyima haki ya kujua nilichopambana nacho, na hilo linaniudhi sana.

3. Kifua kikuu: mahali ambapo ombi la deksa ni kubwa kuliko kote

Nikihesabu sababu zote za ini kuumizwa na dawa nilizoziona huku, matibabu ya kifua kikuu yanatangulia. Si ajabu. Katika dawa nne za miezi miwili ya kwanza, tatu zinaweza kuliumiza ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Ni ethambutoli peke yake ambayo ini halina neno nayo. Na zote nne zimebanwa katika kidonge kimoja, kwa hiyo mgonjwa hawezi kuacha moja akabaki na nyingine.

Kijana mmoja mchimba dhahabu kutoka upande wa Lubero alianza dawa vizuri. Wiki ya tatu chakula kikamkataa, akatapika, mkojo ukawa na rangi ya chai kavu. Akaendelea kumeza, kwa sababu alikuwa ameambiwa, na ameambiwa kweli, kwamba kuruka dawa ya kifua kikuu ni kosa kubwa. Alipofika macho yalikuwa manjano. Mama yake alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipuuza: mtoto wa jirani alikuwa na kifua kikuu vilevile, alipewa deksa hospitalini, akapona. "Kwa nini wangu anyimwe?"

Nilikaa naye chini. Mtoto wa jirani alikuwa na kifua kikuu cha utando wa ubongo. Hapo steroidi ni sehemu halali ya matibabu, inapunguza vifo, kwa sababu uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Shida ya kijana wake ilikuwa sumu ya dawa kwenye ini, na hapo deksa haikuwa na kazi. Zaidi ya hayo, steroidi kwa mtu ambaye dawa zake za kifua kikuu zimesimamishwa ni kumfungulia kifua kikuu chenyewe. Alinisikiliza, akauliza maswali mazuri, akakubali shingo upande.

Kanuni tunayofuata ni hii. ALAT ikipita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au ikipita mara 5 hata kama hana dalili, simamisha zote tatu. Ikiwa kifua kikuu ni kikali na hakiwezi kusubiri, mpe ethambutoli na levofloksasini kama daraja. ALAT ikirudi chini ya mara 2, rudisha rifampisini kwanza. Baada ya siku chache pima. Ikiwa shwari, ongeza isoniazidi, pima tena. Pirazinamidi, ikiwa ini liliumia vibaya, iache kabisa na urefushe matibabu hadi miezi 9. Hii inahitaji dawa zilizotenganishwa, ambazo si kila CSDT, yaani kituo cha kupima na kutibu kifua kikuu, inazo, na inahitaji labo mara kwa mara. Kijana yule alipanda pikipiki kutoka nyumbani kila alipoitwa kupimwa, barabara ikiruhusu. Alimaliza matibabu yake.

Kwa muuguzi wa kituo cha mbali asiye na labo, nasisitiza neno moja tu: kabla hujampa kopo la dawa, mwambie mgonjwa kwamba akitapika, akichoka kupita kawaida, mkojo ukigeuka au macho yakigeuka, aache siku hiyo hiyo na aje. Mwambie mbele ya mkewe au mama yake. Wao ndio wanaoyaona macho yake.

4. Wakati wa Ebola, manjano ilipotea katikati ya hofu

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikiwa imeanzia Mangina, karibu na Beni. Ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imehesabiwa kesi 3,470 na vifo 2,287. Miaka ile, mtu mwenye homa, kutapika na fizi zinazotoka damu alikuwa mshukiwa wa Ebola kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na ilikuwa haki. Lakini ini linaloshindwa kwa sababu ya dawa nalo linaleta kutapika na damu. Mgonjwa aliingia kutengwa, akasubiri vipimo viwili vya PCR vilivyopishana saa 48, na swali la vidonge likasubiri naye.

Wengi zaidi hawakuja kabisa. Waliogopa vituo, wakajifungia nyumbani na mfuko wa dawa: ya malaria, ya tifoidi, parasetamoli, mara mbili, mara tatu. Kisha zikaja vurugu zenyewe: vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Hofu ikawa ya pande zote mbili. Wagonjwa wenye macho ya manjano walianza kufika wakiwa wamechelewa mno.

Nilichobaki nacho ni tabia: hata nikiwa nimevaa mavazi kamili ya kujikinga, hata nikiwa nimesimama nje ya uzio nikizungumza na ndugu kwa sauti kubwa, swali la dawa alizomeza mgonjwa ninaliuliza siku ya kwanza. Halimzuii mtu kutengwa. Na linaweza kuokoa ini ambalo Ebola haikuligusa.

5. Nani anahitaji steroidi kweli

Wapo. Na ninataka niwaeleze kwa kirefu, kwa sababu daktari aliyezoea kukataa anaweza kumnyima mwenye haki.

Wa kwanza ni yule ambaye ini limeingizwa katika mzio wa mwili mzima. Mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Oicha alikuwa na kifafa, akaanzishiwa fenobarbitali. Mwezi wa kwanza ulikuwa haujaisha homa ikaanza. Ikatibiwa kama malaria, kama tifoidi. Kisha upele mwekundu ukasambaa, uso ukavimba, tezi za shingo zikatoka, macho yakawa manjano. Labo ilituambia mawili: ALAT ilikuwa imepita 1,000, na kwenye kioo cha damu eozinofili zilikuwa nyingi kupita kawaida. Hali hiyo madaktari huiita DRESS. Huja kati ya wiki 2 na 8 baada ya kuanza dawa, na wanaoileta mara nyingi ni dawa za kifafa kama fenobarbitali, fenitoini na karbamazepini, alopurinoli ya jongo, na kotrimoksazoli. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayochoma, na kuacha dawa peke yake huenda kusitoshe ikiwa ini au figo zimeguswa vibaya.

Tuliacha fenobarbitali, tukaanza prednisoloni miligramu 1 kwa kilo. Homa ilishuka haraka, uso ukapungua, ALAT ikafuata polepole. Tulipojaribu kupunguza kwa pupa, upele ulirudi. Tukarudi juu, tukashuka taratibu zaidi kwa wiki nyingi. Tuliwaonya wazazi kwamba fenitoini na karbamazepini sasa ni marufuku kwake pia, kwa kuwa aliyedhuriwa na moja ya hizi tatu anaweza kudhuriwa na zile nyingine. Valproati, ambayo isingekuwa na mzio huo, nayo ina historia yake mbaya na ini, kwa hiyo hatukuithubutu. Familia ilichanga, levetirasetamu ikatoka Kampala kupitia Kasindi. Jina la dawa iliyomdhuru liliandikwa kwa wino mwekundu kwenye fishi yake na kwenye karatasi anayotembea nayo.

Wa pili ni vigumu zaidi kumtambua. Kuna dawa zinazoweza kuamsha ugonjwa unaofanana kabisa na ule ambamo kinga inalishambulia ini la mwenyewe. Methildopa ni mojawapo, nitrofurantoini nyingine, minosiklini nyingine. Methildopa tunaitoa kila siku kwa wajawazito wenye presha, na ni dawa nzuri kwao. Lakini nilimhudumia mama aliyeendelea kuinunua miezi mingi baada ya kujifungua, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Alipogeuka manjano tukaiacha. Wiki zikapita, bilirubini ikakataa kushuka, ikaanza hata kupanda.

Kingamwili zinazotambulisha ugonjwa huo hatuzipimi Butembo. Sampuli inabidi isafiri. Ila kuna hesabu ambayo labo yoyote nzuri inaiweza: pima protini zote za damu, pima albumini, toa ya pili kwenye ya kwanza. Inayobaki ni globulini kwa sehemu kubwa. Yake ilikuwa juu sana. Hilo, pamoja na historia ya dawa, pamoja na virusi vyote tulivyoweza kupima kuwa hasi, pamoja na ini lililokataa kupona baada ya kuacha, lilitosha kwangu. Tulimpa prednisoloni. Ninasema prednisoloni, si prednisoni, kwa maana prednisoni hubadilishwa na ini kabla ya kufanya kazi, na hili lilikuwa ini lisilotakiwa kuongezewa kazi. Alipona. Tulipoimaliza dawa baada ya miezi, ugonjwa haukurudi, nayo ni alama muhimu: ugonjwa wa kinga wa kweli, usiotokana na dawa, kwa kawaida hurudi steroidi ikiachwa.

Madaktari vijana hunionyesha kwenye simu miongozo ya Ulaya inayosema steroidi ndiyo tiba ya ini lililoumizwa na dawa. Ninawaomba washuke mistari michache. Mara nyingi miongozo hiyo inazungumzia dawa mpya za saratani zinazoifungulia kinga ya mwili ipambane na uvimbe, na hapo steroidi kweli hutangulia ini likiumia vibaya. Dawa hizo sijawahi kumwona mgonjwa wangu hata mmoja akizitumia.

6. Kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni

Hepatiti B kwanza. Huku ni ya kawaida, na wengi wanaibeba bila kujua. Steroidi za wiki nyingi huweza kuiamsha, na ikiamka ndani ya ini lililokwisha jeruhiwa, mgonjwa anaweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuja nao. Kipimo cha haraka cha HBsAg ni tone la damu. Kikiwa chanya na steroidi ni lazima, anza na tenofoviri kama kinga.

Pili, minyoo ya strongiloidi. Inaingia kupitia ngozi ya mguu peku, inakaa tumboni miaka na miaka bila kelele, na steroidi ikiituliza kinga inazaana na kutapakaa hadi mapafuni na kwenye damu. Ni kifo kibaya, na kinaweza kuzuiwa kwa ivermektini. Lakini kwa mtu aliyeishi misitu ya Ituri nina tahadhari moja zaidi: loa loa, yule mnyoo anayepita jichoni. Mwenye loa loa nyingi sana kwenye damu akipewa ivermektini anaweza kuzimia na kuharibika ubongo. Damu ichukuliwe mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, ndipo vijinyoo hivyo huonekana.

Tatu, kifua kikuu kilichojificha, sukari, na presha. Na kama mgonjwa anameza rifampisini, kumbuka kwamba rifampisini huivunja prednisoloni haraka. Kipimo cha kawaida kinaweza kuwa kidogo mno.

7. Angalia kuganda kwa damu na akili ya mgonjwa

Wengi wanakodolea macho transaminasi. Nimeona ALAT ikishuka kutoka maelfu hadi mamia, familia ikishangilia, kumbe imeshuka kwa sababu chembe za kufa zimebaki chache. Kinachoniogopesha ni damu isiyoganda. Ninachoma vitamini K. Kuganda kukirudi sawa, tatizo lilikuwa nyongo iliyozuiwa. Kusiporudi, ini lenyewe halitengenezi tena.

Mmarekani Hyman Zimmerman aliacha kanuni ambayo wakaguzi wa dawa duniani bado wanaitumia: dawa ikipandisha ALAT zaidi ya mara 3 na bilirubini zaidi ya mara 2, bila nyongo kuzibwa, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 atakufa au atahitaji ini jipya. Kwetu ini jipya halipo. Kwa hiyo yeyote mwenye namba hizo hatumrudishi nyumbani. Na ndugu akisema mgonjwa amelala mchana na kukesha usiku, amesahau jina la mtoto wake, mikono inapapatika akiinyoosha, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

8. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda

Mtu aliyetumia steroidi wiki nyingi, tezi zake za juu ya figo zimelala. Akiacha ghafla anaishiwa nguvu, anatapika, presha na sukari vinaanguka. Nimewaona hivyo hata mabinti walionunua deksa za kunenepesha pamoja na siproheptadini, wakaziacha pesa zilipokwisha, wakaletwa wamebebwa. Kutapika kwao kulidhaniwa ni ini. Sasa, kwa kila msichana anayefika akitapika na presha iko chini, ninauliza kwa faragha, bila kumhukumu, na mama yake akiwa nje.

Kwa wale ninaowapa mwenyewe, ratiba ya kushuka ninaiandika kwa Kiswahili, wiki kwa wiki, idadi ya vidonge kwa namba, na msaidizi wa familia anaisoma mbele yangu kwa sauti. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita zipatazo 54 tu, lakini tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni Oktoba 2014 hakuna anayeweza kumwahidi mgonjwa kwamba barabara itakuwa wazi siku ya miadi yake. Basi hatoki kwangu bila akiba ya vidonge inayozidi tarehe ya kurudi, na bila jina la muuguzi wa karibu na kwake ambaye nimeshampigia simu kumweleza. Nusu ya ukurasa wa nyuma ninaiacha kwa dawa zilizomdhuru. Ninaandika kila moja kwa jina lake halisi na kwa majina yote ya biashara ninayoyajua, maana farmasi inayofuata haitakuwa na kopo lile lile.